Majengo ya Kilwa Kisiwani na Kazi za Watu Wake

Yanapotajwa majengo ya kale ya Kilwa Kisiwani, aghalabu sifa hupewa masultani walioamuru yajengwe. Hatuikanushi sifa hiyo. Twasema tu kwamba haitoshi. Jengo huishi kwa kazi iliyofanyika ndani yake, na historia inayosimulia kuta bila kusimulia kazi ni ganda lisilo na kiini.

Tuitazame Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya jabali linaloelekea bahari katika karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wengi hulistaajabia birika lake la pembe nane. Lakini upande wa kusini upo ua mpana uliozungukwa na vyumba, ambavyo wataalamu wa mambo ya kale huvihesabu kuwa maghala ya biashara. Dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu zilipitia Kilwa. Nguo, shanga na vyombo vya Kichina vikaingia. Basi kasri hilo lilikuwa pia nyumba ya biashara, na anayelisifu kwa birika peke yake ameliona nusu.

Tena, ni mikono ya nani iliyojenga? Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari nyingi zilibebwa na boriti. Mkata mawe, mchoma chokaa na mkata boriti hawakuachiwa majina. Hali kadhalika msokotaji wa uzi: katika uchimbuzi vimepatikana vigae vilivyotobolewa katikati, vizito vya kusokotea pamba. Kigae hicho kidogo ni ushahidi wa karakana kama vile kuba za Msikiti Mkuu zilivyo ushahidi wa ufalme.

Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri, akaueleza kuwa umejengwa kwa miti. Miti huoza na mawe husalia. Ndiyo sababu wakuu wanakumbukwa na wananchi wa kawaida wanasahauliwa. Mwenye kuhakiki hana budi kuusahihisha upungufu huo, asije akauita ukweli.

Mwaka 1981 magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara yaliandikwa katika Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014, baada ya kazi ya kuyahifadhi, yakaondolewa humo. Fundisho lake ni wazi: ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa, na chokaa huhitaji fundi. Kisiwani leo ni kijiji cha wavuvi na wakulima. Kijana wake akirithishwa ufundi huo, magofu yatakuwa na mwenyewe. Asiporithishwa, tutakuwa tumehifadhi mawe na kuupoteza utamaduni uliyoyasimamisha.