Heko kwa Wanaowafundisha Wahandisi Kupanga Kazi

Mhandisi kijana anaweza kukokotoa mzigo utakaobebwa na nguzo. Lakini nani humfundisha kwamba nondo zisipoagizwa mapema, mafundi watakaa bure huku wakilipwa? Ni walimu wa usimamizi wa miradi, na ninawapa heko kwa moyo wote.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilianza mwaka 1973, wanafunzi hutoka darasani kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, na huko somo hili huonyesha thamani yake. Mwanafunzi huugawa mradi katika kazi ndogondogo, akaeleza ipi inatangulia, itachukua siku ngapi na itagharimu kiasi gani. Kisha hutafuta mfuatano wa kazi ambazo moja ikichelewa, mradi mzima huchelewa. Mbinu hii ilibuniwa Marekani miaka ya 1950. Mwanafunzi pia hukumbuka kwamba nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, na kwamba msingi ukichimbwa katikati ya masika utajaa maji.

Mwalimu mzuri haishii kwenye majedwali. Huwaweka wanafunzi katika makundi, hupunguza bajeti kazi ikiendelea, na hudai hesabu ya kila shilingi. Hapo wanafunzi hujifunza kusikilizana, na kumwambia mteja ukweli mapema.

Mipango si matumizi, lakini walimu hawa huviunganisha. Daraja likikamilika kwa wakati, sehemu ya sifa ni yao. Vyuo viwape vipindi vya kutosha, na wakandarasi wawafungulie wanafunzi wao milango.