Mnyonya Damu na Mwenye Shamba: Uhakiki wa Mwitiko wa Hadhira kwa Filamu ya Abraham Lincoln: Vampire Hunter (2012)

Utangulizi

Sehemu hii inahakiki namna hadhira ilivyoipokea filamu ya Abraham Lincoln: Vampire Hunter, iliyoongozwa na Timur Bekmambetov na kutolewa nchini Marekani tarehe 22 Juni 2012. Filamu hiyo inatokana na riwaya yenye jina hilohilo ya Seth Grahame-Smith, iliyochapishwa mwaka 2010, na mwandishi huyo ndiye aliyeandika pia mswada wa filamu. Katika simulizi hiyo, Rais wa 16 wa Marekani ni mwindaji wa wanyonya damu, na silaha yake ni shoka lililopakwa madini ya fedha. Wenye nguvu katika majimbo ya Kusini ni wanyonya damu wanaofuga watumwa ili wawe chakula chao. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vinageuka kuwa vita vya kuwaangamiza viumbe hao.

Wahakiki wengi walijiuliza iwapo filamu inaheshimu ukweli wa historia. Swali hilo halitufikishi mbali, kwa kuwa jina la filamu lenyewe limekwisha kukiri kwamba si historia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jambo la kuhojiwa ni lawama: je, baada ya historia kusimuliwa upya, ni nani anayebaki na hatia ya utumwa? Inadaiwa kwamba filamu hii inaichukua sitiari inayomshtaki binadamu na kuigeuza kuwa kiumbe kinachomwondolea binadamu mashtaka, na kwamba sehemu ya hadhira ililitambua jambo hilo hata pale ilipokosa istilahi ya kulieleza.

Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na nadharia ya upokezi. Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, Hans Robert Jauss alieleza kwamba msomaji huikabili kazi ya fasihi akiwa tayari na upeo wa matarajio, yaani jumla ya mambo anayoyategemea kutokana na tanzu, kazi alizokwisha kuzisoma na maisha anayoishi. Kazi huweza kuutimiza upeo huo, kuuvunja au kuupanua. Stuart Hall naye, katika andiko lake la mwaka 1973 kuhusu televisheni, alibainisha kwamba hadhira haipokei ujumbe kama ulivyosimbwa na mtayarishaji. Mtazamaji anaweza kuukubali, kujadiliana nao au kuupinga. Mawazo haya mawili yanafaa kwa filamu inayochunguzwa kwa sababu inachanganya tanzu zenye matarajio yanayokinzana: wasifu wa kiongozi, filamu ya mapigano na hadithi ya kutisha.

Mielekeo Mitatu ya Mwitiko

Mwelekeo wa kwanza ulihusu utanzu. Jina la filamu linaahidi kichekesho, lakini Bekmambetov aliisimulia kwa uzito wote wa filamu ya kishujaa. Benjamin Walker, aliyeigiza uhusika wa Lincoln, hamkonyezi mtazamaji hata mara moja. Mapigano yanayofanyika katikati ya kundi la farasi wanaokimbia, na yale ya juu ya treni inayoungua darajani, yamesanifiwa kwa kompyuta bila dalili ya mzaha. Watazamaji waliokuja kucheka walihisi kwamba wamenyimwa walichokilipia. Wengine walifurahishwa na uzito huohuo. Mhakiki mashuhuri Roger Ebert alikuwa miongoni mwa walioikubali. Mapato yanaashiria mpasuko huo. Mwishoni mwa juma la kwanza filamu ilipata takribani dola milioni 16 nchini Marekani, nyuma ya katuni ya Brave iliyotolewa siku hiyohiyo. Miezi mitano baadaye, filamu ya Steven Spielberg iitwayo Lincoln ilitoka na hatimaye ikaingiza zaidi ya dola milioni 180 nchini humo. Kwa lugha ya Jauss, hadhira ya mwaka 2012 ilikuwa na nafasi ya Lincoln mwenye heshima na pengine ya Lincoln wa kuchekesha. Lincoln wa kutisha aliyesimuliwa kwa heshima hakuwa na mahali pa kukaa.

Mwelekeo wa pili ulihusu usahihi. Katika filamu, mama yake Lincoln, Nancy, anauawa na mnyonya damu aitwaye Jack Barts. Katika historia, alifariki tarehe 5 Oktoba 1818 kwa ugonjwa uliotokana na maziwa ya ng'ombe waliokula mmea wenye sumu. Mwanawe Lincoln, Willie, anauawa na mnyonya damu wa kike aitwaye Vadoma, ilhali kihistoria mtoto huyo alifariki kwa homa mnamo Februari 1862. Malalamiko ya aina hii ni sahihi kitakwimu lakini ni dhaifu kihakiki. Fantasia ya kihistoria haiwezi kuhukumiwa kwa kuwa na fantasia. Hata hivyo, mabadiliko hayo yana mwelekeo mmoja usiopaswa kupuuzwa: kila kifo ambacho katika historia hakina mtu wa kulaumiwa, katika filamu kinapewa muuaji. Ulimwengu wa filamu hauna ajali wala maradhi. Una adui tu.

Mwelekeo wa tatu ndio wenye uzito zaidi. Baadhi ya watazamaji walieleza kutoridhishwa na utumwa kufanywa kazi ya mazimwi. Walihoji: ikiwa waliowafunga watu minyororo walikuwa wanyonya damu, basi wale watu wa kawaida waliofanya hivyo wamekwenda wapi? Hoja hii ilijibiwa mara nyingi kwa kauli kwamba "hiyo ni filamu tu". Jibu hilo halitoshi, na sehemu inayofuata inaeleza sababu.

Kutoka Sitiari hadi Kiumbe

Msomaji wa Kiswahili ana nyenzo ya lugha inayomwezesha kuliona tatizo hili kwa wepesi. Kitenzi "nyonya" kimezaa majina "mnyonyaji" na "unyonyaji", ambayo katika siasa za Tanzania, hususani tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, yalitumika kumtaja anayeishi kwa jasho la mwenzake. Maneno "kupe" na "mirija" yalitumika sambamba nayo. Nguvu ya sitiari hizi inatokana na umbali kati ya pande mbili zinazolinganishwa. Anayeitwa kupe ni mtu. Ana jina, ana duka au shamba, na anaweza kuulizwa kwa nini anafanya anayoyafanya. Kama angekuwa kupe kweli, asingestahili lawama, kwa kuwa kupe hunyonya kwa maumbile yake.

Chini ya msamiati huo wa kisiasa kuna tabaka la zamani zaidi. Neno "mumiani", ambalo pia hutaja kitu kilichotumika kama dawa, lilikuja kuhusishwa katika pwani na bara la Afrika Mashariki na watu walioaminiwa kukamata wengine na kuwatoa damu. Katika miji kadhaa ya kikoloni, waliotajwa kufanya hivyo walikuwa wazimamoto. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua tetesi hizo kama ushahidi wa namna watu walivyouelewa utawala wa kikoloni, kazi zake na vyombo vyake. James Brennan naye ameonesha uhusiano wa taswira za damu na fikra za kisiasa kuhusu unyonyaji nchini Tanzania. Jambo la kuzingatia katika tetesi hizo ni kwamba mnyonya damu hakuwa kiumbe asiyekufa mwenye macho mekundu. Alikuwa mwajiriwa mwenye sare, gari na bosi. Hofu ilielekezwa kwa ajira na mamlaka, si kwa maumbile ya ajabu.

Filamu ya Bekmambetov inakwenda kinyume cha njia hiyo. Adam, kiongozi wa wanyonya damu anayemiliki shamba karibu na New Orleans, hawanyonyi watumwa kwa maana ya kisitiari. Anawala. Pamba haionekani kuwa na umuhimu wowote. Bei yake, mikopo yake na viwanda vilivyoisubiri havina nafasi katika simulizi. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1860, Marekani ilikuwa na watumwa wapatao milioni 4. Waliwekwa utumwani kwa ajili ya kazi na faida, na faida hiyo iliwafikia watu wengi wasiowahi kushika mjeledi. Filamu inapoibadili faida kuwa njaa ya viumbe, inalifuta swali la maslahi. Anayeua kwa njaa ya maumbile hachagui.

Ni haki kuitendea filamu uadilifu. Haiwaachi binadamu wote nje ya hatia, kwani Jefferson Davis anaoneshwa akiafikiana na Adam ili majeshi yake yasaidiwe. Vilevile, inavunja desturi ya muda mrefu ya sinema ya Marekani. The Birth of a Nation ya mwaka 1915 na Gone with the Wind ya mwaka 1939 ziliwapa mabwana wa mashamba heshima na huzuni ya watu waliopoteza makao yao. Katika filamu ya mwaka 2012, jumba la bwana shamba ni machinjio. Mtazamaji aliyelelewa na picha za zamani hakuachiwa chochote cha kutamani. Kwa kiasi hicho, upeo wa matarajio ulipanuliwa kwa manufaa.

Hata hivyo, Davis wa filamu anafika mezani kama mwombaji wa msaada. Davis wa historia alikuwa mwenye shamba huko Mississippi na mmiliki wa watumwa zaidi ya 100. Hakuhitaji kuingia mkataba na shetani yeyote. Jimbo hilohilo la Mississippi, lilipojitenga mwezi Januari 1861, lilitangaza kwa maandishi kwamba msimamo wake umefungamana kabisa na utumwa. Tamko hilo lilitungwa na kupitishwa na binadamu, mchana kweupe.

Nafasi ya Watu Weusi na Hatima ya Wenye Hatia

Athari ya ugeuzaji huu inaonekana pia kwa wahusika weusi. Will Johnson, aliyeigizwa na Anthony Mackie, ni rafiki wa Lincoln tangu utotoni na mpiganaji hodari. Jina lake linakumbusha William H. Johnson wa historia, aliyefuatana na Lincoln kutoka Springfield hadi Washington na kumtumikia kama kinyozi na mhudumu. Alisafiri naye hadi Gettysburg mwezi Novemba 1863, akaugua ndui, akafariki Januari 1864. Filamu imempa shoka mtu ambaye historia ilimpa wembe, na baadhi ya watazamaji waliliona hilo kuwa fidia. Lakini shujaa huyo anapigana karibu peke yake. Harriet Tubman na watu waliokombolewa wanaoneshwa wakisafirisha madini ya fedha kwa siri hadi Gettysburg. Ni tendo la ujasiri, lakini wanabaki wabeba silaha za wengine. Wanajeshi weusi wapatao 180,000 waliolitumikia jeshi la Muungano hawana sura katika vita hivyo vya kubuni.

Mwisho wa filamu ndio unaothibitisha hoja ya uhakiki huu. Baada ya ushindi, inaelezwa kwamba wanyonya damu waliosalia wameikimbia nchi. Nchi imetakasika. Katika historia, wenye mashamba hawakukimbia. Walibaki na ardhi yao, na katika mwaka 1865 na 1866 mabunge ya majimbo ya Kusini yalitunga sheria za kuwabana watu weusi walioachwa huru, huku kilimo cha kugawana mavuno kikiwafunga wengi kwa madeni. Simulizi ambamo mwovu ni mgeni huweza kuhitimishwa kwa kumfukuza. Simulizi ambamo mwovu ni jirani haina mwisho mwepesi kama huo.

Kwamba kasoro hii haitokani na utanzu wenyewe kunadhihirishwa na filamu ya Sinners ya Ryan Coogler, iliyotolewa mwaka 2025 na kupokewa kwa shangwe. Inasimulia kisa cha wanyonya damu katika Mississippi ya mwaka 1932, lakini haiwapi viumbe hao kazi ya Ku Klux Klan. Jua linapochomoza na wanyonya damu kuteketea, watu wa kundi hilo wanafika na bunduki zao, wakiwa binadamu watupu. Zimwi halikuchukua nafasi ya mtu mwovu. Limesimama kando yake, na mtazamaji anaachwa apime yupi anatisha zaidi.

Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kwamba mwitiko wa hadhira kwa Abraham Lincoln: Vampire Hunter haukuwa mgogoro kati ya wapenda burudani na walinzi wa historia. Walioudhika kwa kukosa kichekesho walilalamikia utanzu, na walioorodhesha makosa ya tarehe na vifo walilalamikia usahihi. Waliouliza binadamu wamekwenda wapi ndio waliogusa kiini, nao wanastahili kusomwa kama wahakiki. Lugha ya Kiswahili, iliyomwita mtu mnyonyaji bila kumvua utu wake, inatoa kipimo kinachofaa kwa filamu za aina hii. Inapendekezwa kwamba watafiti wa upokezi wa fantasia za kihistoria wasiishie kupima ni kiasi gani kazi imeachana na ukweli, bali wafuatilie hatia: ilikuwa kwa nani kabla ya kisa kusimuliwa upya, na imekabidhiwa nani baada ya hapo.