Mama Kando ya Susu

Mwaka 1872 Berthe Morisot alimchora dada yake, Edma, ameketi kando ya susu alimolala bintiye mchanga, Blanche. Mchoro huo, Le Berceau, uko katika makumbusho ya Orsay, Paris. Ni turubai ndogo, sentimita 56 kwa 46, lakini ndani yake mna ufundi ambao wachoraji wengi wa mama na mtoto hawakuupata: kujizuia.

Edma hatabasamu. Ameegemeza kichwa kwenye mkono wa kushoto, macho ameyainamisha kwa mwanawe, naye mtoto amekunja mkono vivyo hivyo usingizini. Mkono wa kulia wa mama umeshika ukingo wa shashi iliyofunika susu. Itazame shashi hiyo kwa karibu. Weupe wake umepakwa mwembamba, na humo mna kijivu, buluu na waridi, hata uso wa mtoto ukaonekana pasipo kufikika. Sisi watazamaji tumewekewa pazia, na aliyelishika ni mama mwenyewe.

Wengi husoma upendo hapo, wakaridhika. Upendo upo, tena mwingi. Mimi naona na uchovu pia, na mawazo yaliyokwenda mbali na chumba kile. Edma naye alikuwa mchoraji. Yeye na Berthe walifundishwa na mchoraji Corot, kazi zao zikaonyeshwa katika maonyesho ya Salon ya 1864, na Edma ndiye aliyewahi kumchora mdogo wake akiwa kazini na brashi mkononi. Mwaka 1869 akaolewa na ofisa wa jeshi la majini, akaiacha sanaa. Kwa hiyo katika Le Berceau aliyeendelea anamchora aliyeacha.

Sisemi kwamba uso ule ni wa majuto. Majuto yana alama zake, na mchoraji wa kawaida angezitumia. Morisot, ambaye wakati huo hakuwa ameolewa wala kuzaa, hakumhurumia dada yake wala hakumpamba. Aliyaacha mapenzi na uchovu vikae katika uso mmoja, kama vikaavyo kwa mama yeyote wa mtoto mchanga, na jambo hilo ni gumu kuliko kuchora shashi.

Mchoro ulionyeshwa mwaka 1874, katika maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti. Baadhi ya wahakiki waliusifu umaridadi wake, lakini mnunuzi hakupatikana. Ukabaki katika familia ya Edma hadi Louvre ilipoununua mwaka 1930. Nafurahi kwamba ulichelewa kuuzwa. Edma alistahili kuwa nao kabla yetu.