Hadithi Kabla ya Kitabu: Mbinu ya Pura Belpré katika Maktaba za New York

Katika maktaba za umma za jiji la New York, mwanzoni mwa karne ya 20, saa ya hadithi haikuwa burudani ya kuwapitishia watoto muda, bali ilikuwa kazi yenye kanuni zake, iliyosimamiwa na idara ya watoto chini ya Anne Carroll Moore, aliyeiongoza tangu 1906 hadi 1941. Watoto walipangwa mstari na kuingizwa katika chumba kilichotengwa, mshumaa ukawashwa, na msimuliaji, ambaye alikwisha kuihifadhi hadithi yake, akaisimulia bila kushika kitabu. Hadithi ilipokwisha, mshumaa ulizimwa huku watoto wakinuia jambo walilolitamani. Mshumaa huo ulifanya kazi ambayo paukwa na pakawa huifanya katika ngano za Waswahili, yaani kutenga muda wa hadithi na muda wa mambo ya kawaida. Hata hivyo, kanuni iliyokuwa na uzito zaidi ilihusu chanzo cha hadithi: ilitakiwa itoke katika kitabu kilichochapishwa, ili mtoto aliyevutiwa aweze kukitafuta kwenye rafu na kukiazima.

Kanuni hiyo ilimkwaza Pura Belpré, mzaliwa wa Cidra katika kisiwa cha Puerto Rico, aliyefika New York mwaka 1920 kuhudhuria harusi ya dada yake na mwaka uliofuata akaajiriwa katika tawi la Mtaa wa 135, Harlem, lililoongozwa na Ernestine Rose. Wapuertoriko, waliopewa uraia wa Marekani mwaka 1917, walikuwa wakiongezeka mjini, lakini Belpré alipopekua rafu za ngano, yaani hadithi za mapokeo zinazorithishwa kwa mdomo, hakukuta hata moja kati ya zile alizosimuliwa na bibi yake. Kwa mkutubi wa kawaida jambo hilo lingemaliza mjadala, kwa kuwa pasipo kitabu hapana hadithi. Yeye aliigeuza njia hiyo, akaitanguliza hadithi mbele ya kitabu: mwaka 1926, alipokuwa mwanafunzi wa ukutubi, aliisimulia ngano ya Martina na Perez katika somo la usimulizi, akaruhusiwa kuisimulia kwa watoto ingawa haikuwa imechapishwa, na mwaka 1932 kampuni ya Frederick Warne ikaitoa kama kitabu, Perez and Martina.

Mpangilio huo unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndio unaoeleza ubora wa kazi yenyewe. Ngano iliyopita katika vinywa vya wasimulizi na masikio ya watoto kabla ya kufika kwa mchapishaji huwa imekwisha kupunguzwa kila kinachochosha, na hilo linaonekana katika muundo wa Perez and Martina. Martina ni mende maridadi anayeketi barazani huku wachumba wakimjia mmoja mmoja, na kila mmoja anaulizwa swali lilelile, kwamba atakuwa akizungumza naye kwa sauti gani. Kila mnyama hujibu kwa mlio wake na kukataliwa, hadi anapokuja Perez, panya mwenye adabu, naye akakubaliwa. Marudio hayo humpa mtoto asiyejua vizuri lugha ya msimuliaji nafasi ya kushiriki tangu mchumba wa pili, kwa sababu swali amekwisha kulizoea na jibu ni mlio ambao hauhitaji tafsiri. Baadaye Perez, akijaribu kuopoa lozi katika chakula cha Krismasi alichopika mkewe, anatumbukia chunguni, na Martina anabaki akimlilia. Belpré hakuwapunguzia watoto msiba huo, na hapo alikuwa sahihi kabisa, kwani mtoto aliyecheka katika milio ya wachumba amekwisha kuwa tayari kuhuzunika pamoja na mjane.

Mwaka 1929 alihamishiwa tawi la Mtaa wa 115, ambako familia za Kipuertoriko zilikuwa nyingi, na huko suala likawa la mlango badala ya rafu: wazazi waliona kwamba maktaba ni mahali pa watu wa Kiingereza. Belpré alisimulia kwa Kihispania na kwa Kiingereza, alikwenda katika vyama vya wahamiaji na vituo vya jamii kuzungumza na watu wazima, na akaifanya sikukuu ya Wafalme Watatu, inayoadhimishwa tarehe 6 Januari, kuwa sherehe ya maktaba. Sikukuu hiyo ilikuwa na maana ya kiutendaji, kwa kuwa mzazi anayesita kuja kuazima kitabu hasiti kuja kwenye sikukuu aliyokulia, na akishaingia mara moja huwa ameijua njia.

Katika miaka ya 1940 aliacha kazi ili aandike na kusafiri na mumewe, mwanamuziki Clarence Cameron White, aliyefariki mwaka 1960. Ndipo aliporejea maktaba akiwa mtaalamu wa watoto wanaozungumza Kihispania, hadi alipostaafu mwaka 1968.

Kustaafu hakukumwondoa kazini, kwa maana aliombwa ajiunge na mradi wa maktaba wa South Bronx, ulioanzishwa ili kuzifikisha huduma katika mitaa ya Walatino, na hapo akaipa nafasi ya mbele mbinu aliyokwisha kuitumia hapo awali: vikaragosi, yaani sanamu ndogo zinazochezeshwa kwa mikono. Aliandika sehemu kubwa ya michezo, akaiongoza na kuicheza mwenyewe. Kiufundi, kikaragosi kinatatua tatizo ambalo sauti peke yake haiwezi kulitatua, kwa sababu katika chumba kimoja huweza kukaa mtoto wa umri wa chekechea, kaka yake wa darasa la nne na mama asiyejua Kiingereza, na wote watatu wakamwona Martina akitikisa kichwa kumkataa mchumba kabla hata neno halijatamkwa. Isitoshe, kinamhamisha msimuliaji nyuma ya pazia, hivi kwamba mtoto mwenye haya, ambaye angeona aibu kumjibu bibi mtu mzima, humjibu mende bila kusita.

Belpré alifariki mwaka 1982. Tuzo yenye jina lake, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, huwatuza waandishi na wachoraji Walatino wa vitabu vya watoto, na heshima hiyo inamstahili. Lakini inatuza nusu ya pili ya mbinu yake, ile ya kitabu, ilhali nusu ya kwanza, ya sauti, mshumaa na pazia, inapaswa kutafutwa katika karatasi zake zilizohifadhiwa Hunter College, New York, ambako mkutubi au mwalimu wa chekechea anayetaka kuijaribu atakuta mahali pa kuanzia.