Giza, Nafsi na Kijiji: Mchezo wa Splinter Cell katika Mizani ya Meru na Embu

Suala la iwapo mchezo wa kompyuta unastahili kuhakikiwa kama kazi ya fasihi limezua hoja nyingi, na makala haya hayakusudii kulirejelea kwa mapana. Inatosha kukubali kwamba mchezo wenye wahusika, mandhari, mgogoro na mtazamo wa usimulizi una fani na maudhui. Na penye fani na maudhui mhakiki ana kazi. Kazi inayochunguzwa hapa ni Splinter Cell, mfululizo wa michezo ya kunyemelea na kupiga risasi ambao kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilianza kuutoa mwaka 2002. Mkazo umewekwa kwenye ile sehemu inayochezwa na watu kadhaa kwa pamoja, iliyoanzishwa katika Pandora Tomorrow mwaka 2004. Mizani itakayotumiwa ni ya jamii za miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, yaani Wameru na Waembu, ambao masimulizi na historia yao yana mengi ya kusema juu ya sanaa ya kujificha. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya wachezaji wengi inaukaribia ukweli wa sanaa hiyo kuliko hadithi ya mchezaji mmoja, ila inakomea ukingoni mwa msitu, kijijini haifiki.

Katika hadithi ya mchezaji mmoja, mhusika mkuu ni Sam Fisher, jasusi wa kikosi cha kubuni kiitwacho Third Echelon, tawi la siri la Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani. Fisher hutembea gizani akiwa peke yake, na kipimo kidogo kwenye kioo humwonyesha mchezaji kiasi cha mwanga kinachomwangukia. Maadui wake wanaendeshwa na programu: hupita njia zilezile, husimama mahali palepale, na mchezaji anayekosea huweza kurudi nyuma na kujaribu tena hadi afaulu. Taharuki ipo, lakini ni taharuki ya fumbo lenye jibu moja lililokwisha kuandikwa. Aidha, Fisher hajifichi kwa unyonge. Nyuma yake kuna dola yenye nguvu kuliko zote. Anajificha kwa sababu aliyemtuma hapendi kujulikana. Giza kwake ni sare ya kazi.

Sehemu ya wachezaji wengi inavunja mpangilio huo. Majasusi wawili wanaingia katika jengo linalolindwa na mamluki wawili, na kila mmoja wa hao wanne ni binadamu mwenye akili yake. Jambo la kuzingatiwa na mhakiki wa fasihi ni namna mtazamo ulivyogawanywa. Anayecheza kama jasusi huoneshwa mhusika wake kutoka nje, kwa nyuma, kama katika usimulizi wa nafsi ya tatu. Hivyo huona pembe za ukuta na mgongo wa adui. Anayecheza kama mamluki huona kwa macho ya mhusika pekee, kama katika usimulizi wa nafsi ya kwanza. Ana bunduki, makombora ya mkono, tochi na vyombo vya kugundua mwendo, lakini hawezi kujua kilicho nyuma ya kisogo chake. Bunduki ya jasusi, kwa upande wake, hushtua tu, haiui. Mwenye silaha amenyimwa macho, na mwenye macho amenyimwa silaha.

Katika riwaya, tofauti ya nafsi ni uamuzi wa mwandishi, na wasomaji wote huipokea kwa namna moja. Hapa nafsi mbili zinapambana katika ukumbi mmoja kwa wakati mmoja, na tukio lilelile ni hadithi mbili. Kwa jasusi aliyening'inia darini, hatua za mamluki ni mdundo wa kuhesabiwa; kwa mamluki, ukimya wa chumba hichohicho ni tisho. Mvuto wa mchezo huu, kwa hiyo, hautokani na risasi wala na uzuri wa picha. Unatokana na haja ya kila upande kuisoma nia ya mwingine bila kumwona. Kilele cha usomaji huo ni pale jasusi anapomkaba mamluki kutoka nyuma: kwa muda mfupi sauti zao huunganishwa, na jasusi huweza kumnong'oneza aliyekabwa kabla ya kummaliza. Maadui waliokuwa wakiwindana kimya hatimaye wanasikilizana, na usemi huo haukutungwa na mwandishi yeyote.

Yumkini nadharia inayoufafanua mchezo wa namna hii vizuri zaidi ni ile ya fasihi simulizi. Kazi simulizi huishi katika utendaji. Fanani na hadhira hukutana, na kila utendaji ni mpya hata kama kisa ni kile kile. Katika Pandora Tomorrow jengo halibadiliki, bali kinachotendeka humo hakirudiwi kamwe, na kila mchezaji ni fanani na hadhira kwa wakati mmoja. Kufa kwake pia ni kufa kwa utendaji. Mwezi Aprili 2010 kampuni ya Microsoft ilipofunga huduma ya mtandao ya Xbox ya kwanza, hadithi ya Fisher ilibaki kwenye sahani yake, lakini mapambano ya majasusi na mamluki yaliyotegemea huduma hiyo yalikoma. Ubisoft iliufufua mtindo huo katika Blacklist mwaka 2013, kama ngano inavyofufuliwa na fanani mwingine.

Sasa mizani. Masimulizi makuu ya asili ya Wameru ni kisa cha kutoroka usiku. Mababu, yasema masimulizi, waliishi utumwani mahali paitwapo Mbwaa, chini ya watu walioitwa Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu. Mabwana hao waliwapa mitihani isiyowezekana, mathalani kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Kwa hekima ya kiongozi wao, Koomenjwe, mitihani ilijibiwa kwa hila, na hatimaye watu wote walitoka kwa siri na kuyavuka maji. Katika kisa hicho hila na giza ni mali ya mnyonge. Tena si mali ya shujaa mmoja: wanaotoroka ni jamii nzima, wazee na watoto, na anayesaliti au kupiga kelele huwaangamiza wote.

Historia ya karibu iliyathibitisha masimulizi hayo kwa damu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Upande wa Meru waliongozwa na makamanda kama Baimungi na Musa Mwariama, ambaye alitoka msituni baada ya uhuru wa mwaka 1963. Bunduki zao nyingi ziliundwa kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango, ilhali Uingereza iliimwagia misitu hiyo mabomu kutoka kwa ndege za Lincoln. Hapa pia mwenye silaha hakuwa na macho: alilipiga giza kwa kuwa hakumwona aliyemo. Mgawanyo wa nguvu ambao Pandora Tomorrow iliufanya kanuni ya mchezo ulikuwa kanuni ya uhai na mauti katika miteremko hii nusu karne kabla. Ndiyo maana majasusi wawili wasio na bunduki ya kuua, wanaotegemeana ili wasiangamie, wako karibu na mpiganaji wa msituni kuliko alivyo Fisher na dola yake.

Hata hivyo, ukaribu huo una mpaka, na mpaka wenyewe ni chakula. Jasusi wa mchezo haoni njaa. Mpiganaji wa msituni aliishi kwa kulishwa, na serikali ya kikoloni ililifahamu hilo vyema. Ilichimbisha mtaro ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya kwa kazi ya kulazimishwa, na kuanzia mwaka 1954 ikawahamishia watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati wa wakati huo, Embu na Meru zikiwemo, katika vijiji vilivyolindwa, ili msitu utenganishwe na jungu. Jane Muthoni Mara, mmoja wa Wakenya walioishtaki serikali ya Uingereza mwaka 2009, alikuwa msichana wa umri mdogo alipokamatwa na kuteswa kwa tuhuma za kuwapelekea wapiganaji chakula. Mwaka 2013 serikali hiyo ilikubali kuwalipa wadai 5,228 fidia na gharama za kesi, jumla ya pauni milioni 19.9. Unyemeleaji wa msichana mwenye kikapu haukuhitaji miwani ya usiku, na adhabu yake haikuwa kuanza upya. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo ya mwaka 1976, inayojulikana kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi, ililiona hilo ilipoificha bastola ndani ya mkate: silaha na chakula ni siri moja, na anayeibeba ni mwanamke.

Upungufu wa pili unahusu uaminifu. Kabla ya pambano kuanza, mchezo humwambia kila mchezaji nani ni wake na nani ni adui. Katika Embu na Meru swali hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Walinzi wa vijiji, maarufu kama homgadi, walikuwa wenyeji na pengine ndugu. Watu waliovikwa magunia vichwani waliwatambulisha wenzao kwa kutikisa kichwa tu. Wapiganaji waliojisalimisha waliingizwa katika magenge bandia yaliyorudi msituni kuwasaka waliokuwa wandani wao jana, mbinu ambayo Frank Kitson, afisa wa Uingereza, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1960. Giza la namna hiyo halipimwi kwa kipimo cha mwanga.

Mtetezi wa Splinter Cell aweza kusema kwamba mchezo ni burudani, na si haki kuudai historia ya watu usiowazungumzia. Jibu ni kwamba mchezo wenyewe umejitwalia ulimwengu wote kuwa uwanja wake. Double Agent ya mwaka 2006 inampeleka Fisher hadi Kinshasa iliyomo vitani, na Wakongo wanageuzwa kuwa mandhari ya moshi na milio ya risasi ambamo jasusi wa kigeni anapita na kazi zake. Anayeitumia nchi ya wengine kama pazia hawezi kukataa kuulizwa wenyeji wako wapi. Na jibu, kifani, ni kwamba kanuni za mchezo hazina nafasi yao: kuna nafsi ya kwanza ya mwindaji na nafsi ya tatu ya mwindwa, lakini hakuna nafsi ya wingi.

Thamani ya Pandora Tomorrow haipunguzwi na hukumu hiyo. Inawekwa mahali pake. Mchezo huo uligundua kwamba kujificha ni mazungumzo kati ya binadamu, na kwamba unyonge wenye macho unaweza kuukabili uwezo wenye upofu. Watunzi wa michezo wa Kenya watakaotaka kuirithi sanaa hiyo hawana haja ya kumtafuta Fisher mweusi. Wanahitaji kanuni itakayompa mchezaji wa tatu kazi yake: yule aliyebaki kijijini, asiye na bunduki wala miwani, ambaye usiku huo ni lazima aamue kama atapika chungu kimoja au viwili, huku jirani akisikiliza.