Kibondo ya mwaka gani?

Tafuta mtandaoni idadi ya watu wa Wilaya ya Kibondo, utapata 414,764 na utapata 261,331. Zote mbili ni za sensa, ya 2002 na ya 2012. Asiyeujua Mkoa wa Kigoma ataandika kwamba wilaya imekimbiwa. Kumbe katikati hapo Kakonko ilimegwa ikawa wilaya yake. Ukijumlisha watu wake 167,555 unafika 428,886, yaani watu waliongezeka. Kasulu nayo ilimegwa, ikazaliwa Buhigwe.

Ndiyo maana marejeo yanayotaja jina la ofisi ya takwimu na anwani ya tovuti tu hayatoshi. Sensa ilifanyika Agosti 2012, ripoti ya idadi ya watu ikachapishwa 2013. Basi mwaka unaofuata jina la Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni 2013, nao 2012 hukaa ndani ya kichwa cha ripoti. Kisha taja jedwali au ukurasa, maana hakuna msimamizi wa tasnifu atakayepekua faili zima kukutafutia Kibondo.

Takwimu za wakimbizi ni ngumu zaidi. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Kambi ya Nduta ya Kibondo ilifunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipofurika. Mtendeli ya Kakonko ikafungwa 2021. Ukurasa wa shirika la wakimbizi la UNHCR unaohesabu wakimbizi hawa husahihishwa mara kwa mara huku anwani ikibaki ileile. Mtindo wa marejeo wa APA, toleo la saba la 2019, unadai tarehe ya kusoma kwa kurasa za namna hiyo tu, zilizotengenezwa zibadilike. Mimi ningeidai kwa kila ukurasa wa tovuti, hata ule unaoonekana umetulia, kwa sababu tovuti za ofisi zetu huhamishwa bila taarifa na viungo vya zamani vikafa.

Kinga iliyo bora ni kuuhifadhi ukurasa kwenye hifadhi ya tovuti ya Wayback Machine siku unayousoma. Anwani utakayopewa ina tarakimu 14: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Iweke kwenye marejeo pamoja na anwani asilia. Tahadhari: grafu na ramani zinazojichora zenyewe mara nyingi hazihifadhiki, hubaki fremu tupu. Hapo pakua ripoti ya PDF ya mwezi huo, uirejelee hiyo kwa tarehe yake.