"Matibabu ya Nje" au "Bila Kulazwa"?

Tumeletewa tuipitie rasimu ya kijitabu cha wagonjwa kuhusu utaratibu wa kumpa mtu viuavijasumu kwa njia ya vena ilhali hakulazwa hospitali. Utaratibu wenyewe si mpya. Rucker na Harrison waliueleza nchini Marekani mwaka 1974, kwa watoto wenye maradhi ya kurithi yaitwayo sistiki faibrosisi. Leo hutumika pia kwa maambukizo ya mifupa na ya utando wa ndani wa moyo, ambayo aghalabu huhitaji dawa kwa wiki kadhaa. Dawa kama seftriaksoni, ambayo mara nyingi hutolewa mara moja tu kwa siku, zimeurahisisha.

Kwa jumla lugha ya rasimu ni safi. Lakini istilahi yake kuu, "matibabu ya nje ya viuavijasumu vya mshipa", haifai.

Kwanza, "matibabu ya nje" masikioni mwa wananchi ni kupelekwa ng'ambo; na juu ya chupa ya dawa, "matumizi ya nje" ni kupaka ngozini. Mfasiri ameazima kutoka "mgonjwa wa nje", usemi unaoeleweka vyema katika mazingira ya hospitali tu.

Pili, "mshipa" huweza kuwa vena, ateri au neva, na katika mazungumzo ya kila siku ni ngiri pia. Je, "viuavijasumu vya mshipa" ni dawa ipitayo mshipani, au iponyayo mshipa? Jambo hili si dogo: mgonjwa aliyefundishwa kujitilia dawa nyumbani hana muuguzi kando yake wa kumwuliza neno likimtatiza.

Wako wapendekezao "matibabu ya nyumbani". Nalo halitoshi, kwani wagonjwa wengine huja kliniki kila siku, wakatiliwa dawa, wakarudi makwao.

Sisi twapendekeza "tiba ya viuavijasumu kwa njia ya vena, bila kulazwa". Ni istilahi ndefu, twakiri. Lakini "kulazwa" ni neno ambalo kila aliyewahi kuuguza analijua, na "vena" limo katika masomo ya biolojia. Hiyo ni ya waganga na watunga kamusi. Mgonjwa mwenyewe aandikiwe sentensi kamili: "Utatiliwa dawa ndani ya mshipa wa damu, kisha utarudi nyumbani." Mfasiri asione haya kueleza pale ambapo istilahi ingeficha.